Baba yupo nyumbani, anayeulizwa ni mama: kisa cha wifi yangu na ndoo ya rangi

Wifi yangu anatengeneza batiki. Jina lake siliweki maana hapendi, ila ameniruhusu niandike kisa chote na mahesabu yake ndani, na kaka yangu ambaye ndo mume wake naye kasema andika tu. Tuko Kigoma mjini, upande wa Mwanga. Wana watoto wawili, wa kike alikuwa na miaka sita wakati haya yanatokea na wa kiume mwaka mmoja na miezi mitano. Naandika kwa sababu kila mama mwenye kazi ya sanaa na watoto wadogo anaambiwa "panga muda wako", mimi mwenyewe nilimwambia hivo hivo sijui mara ngapi, na kisa hiki kimenifundisha kwamba mwenzangu muda alikuwa ameupanga vizuri tu, shida ilikuwa kwingine kabisa.

Kwanza muelewe kazi yenyewe. Watu wakiona batiki ishakuwa gauni wanadhani ni kuchovya kitambaa kwenye rangi basi. Kitambaa cheupe cha pamba kinafuliwa kwanza kitoke wanga wa kiwandani, kikikauka kinachorwa kwa penseli, afu unayeyusha nta na kuipaka kwa brashi au kugonga mihuri ya sponji pale ambapo hutaki rangi ishike. Yeye anachanganya parafini na nta ya nyuki ya huku huku kwetu. Parafini peke yake inavunjika vunjika sana, nta ya nyuki peke yake ni laini haivunjiki, ukizichanganya vizuri ndo unapata ile mistari myembamba myembamba ya rangi kama nyufa za ukuta ambayo wateja wanaipenda. Rangi inaandaliwa kwenye ndoo na maji ya moto, kostiki soda na ile dawa nyingine wanayoiita haidro, maji yakishapoa kiasi cha kutoyeyusha nta kitambaa kinaingia, unakigeuza geuza kama dakika ishirini, na muda wote huo kiwe chini ya maji kabisa maana sehemu ikitokeza juu inakutana na hewa kabla ya wakati na rangi inashika madoa madoa. Bluu ndo inanishangazaga mpaka leo, kitambaa kinatoka kwenye ndoo kikiwa kijani kama jani changa la mgomba afu hewa inakipiga na unakiona kinageuka bluu mbele ya macho yako.

Sasa kwenye kazi hiyo kuna sehemu inayokatika na sehemu isiyokatika. Kuchora unaweza kuacha ukaenda kumnawisha mtoto ukarudi, kukata mihuri, kukunja pindo, kupiga picha vitambaa na kuwajibu wateja kwenye simu, vyote hivyo vinasubiri. Nta ikiwa jikoni haisubiri, ikizidi moto inawaka na ukiimwagia maji ndo unaongeza balaa. Kitambaa kikiwa kwenye ndoo nacho hakisubiri. Na kostiki inaunguza ngozi, ikimezwa inaunguza koo. Hiyo ndo kazi anayoifanya mama mwenye mtoto anayetembea na kushika kila kitu.

Mwanzoni mwa Mei 2024 alipata oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mteja mmoja wa Dar aliona picha zake akataka vitambaa 30 vya mita mbili mbili kwa ajili ya kuuza kipindi cha Sabasaba, vimfikie kabla ya tarehe 25 Juni, kila kimoja 25,000. Jumla 750,000. Akatuma 300,000 ya kuanzia, na yote iliishia kwenye malighafi, mita 60 za pamba kwa 3,500 ni 210,000 na zile 90,000 zilizobaki rangi, nta na madawa. Kwa hiyo faida yake yote ilikuwa iko kwenye 450,000 itakayolipwa mzigo ukifika.

Na mwezi huo huo ziwa likafungwa. Mtakumbuka, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika lote, sisi na Burundi na Congo na Zambia, ili samaki wazaliane. Kaka ni mvuvi wa dagaa, anatokea Kibirizi, kwa hiyo kuanzia siku hiyo akawa nyumbani. Hela ya dagaa ikakata palepale. Tukakaa kama familia tukasema sawa, Mungu kapanga, mume amepumzishwa na mke kapata kazi, miezi mitatu hii wifi atafanya kazi kuliko kipindi chochote cha maisha yake maana sasa kuna mikono miwili zaidi ndani ya nyumba. Mama yetu alisema hivyo, mimi nilisema hivyo, na wifi mwenyewe aliamini, ndo maana akamwambia mteja tarehe 25 inawezekana bila hata kufikiria mara mbili.

Wiki nne zikapita, vitambaa vilivyokuwa tayari ni tisa.

Sio kwamba kaka alikuwa mtu mbaya au mvivu. Ni mtu mpole, anapenda watoto wake, alikuwa anachota maji, anaenda sokoni, akiambiwa shika mtoto anashika. Hilo neno "akiambiwa" mliweke akilini. Asubuhi alikuwa anakaa barazani anashona nyavu zake ili ziwa likifunguliwa awe tayari, na wifi alikuwa uani na jiko lake na ndoo zake, kati yao kuna hatua kama sita na mlango mmoja ambao haufungwi.

Alhamisi moja mwanzoni mwa Juni, shule zishafungwa kwa hiyo na yule mkubwa yupo nyumbani, wifi aliweka vitambaa vinne kwenye ndoo kubwa ya bluu. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kuleta mawese. Hazikupita dakika tano jirani akabisha hodi anaulizia kama kuna mtu anaenda Mwandiga kesho, akampita kaka barazani, akaja mpaka uani kumuuliza wifi. Wifi akajibu huku anageuza kitambaa. Afu mtoto mkubwa akaja, mama nguo yangu ya kijani iko wapi, naye kampita baba yake. Wifi akamwelekeza, mtoto akasema haioni, wifi akaenda ndani. Akiwa ndani simu ikalia, ni mama yetu anauliza ugali wa jioni wataupika wao au alete yeye, na simu hiyo kampigia wifi wakati mwanae wa kumzaa yupo hapo hapo. Basi wifi anaongea na simu, mkono mmoja unatafuta nguo, na mimi niko jikoni namimina mawese kwenye chupa sina habari.

Tukasikia kimya. Mama yeyote anajua kimya cha mtoto wa umri huo. Tulipotoka tukamkuta mdogo amesimama kwenye ndoo na kikombe chake cha plastiki cha uji, kashachota, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko na kikombe kinaelekea mdomoni. Wifi sijui alirukaje. Hakunywa, Mungu ni mwema sana, nasema hivi mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Tukamuosha ule mkono kwa maji mengi, ndoo baada ya ndoo, kama robo saa nzima, akiwa analia na mama yake analia, ukabaki mwekundu siku mbili afu ukapona. (Mwenye madawa haya nyumbani ashike hili: likimpata mtoto ngozini ni maji mengi kwa muda mrefu, akimeza usimtapishe, hospitali haraka.) Vitambaa vinne vilikaa kwenye ndoo vikaelea, vikatoka na madoa kama ramani. Vyote vinne vikaharibika, laki moja ya mauzo imeondoka.

Usiku huo wakagombana, na kwenye ugomvi huo ndo yakatoka maneno ambayo kwangu yamebeba kisa chote. Wifi alimwambia, "Ulikuwa umekaa pale pale." Kaka akajibu, na alijibu kwa uchungu hakuwa anajitetea, "Ndiyo nilikuwa pale pale. Hakuna mtu aliyeniuliza kitu."

Mimi nililala nayo hiyo sentensi. Maana ni kweli. Jirani hakumuuliza, mtoto hakumuuliza, mama aliyemzaa hakumuuliza, na mimi niliyekuja na mawese nilimpita nikamsalimia tu kwa Kiha, mwakeye kaka, afu nikaenda uani kumuuliza wifi chupa ziko wapi. Sote tulimpita mtu asiye na kazi ya haraka tukaenda kumuuliza mtu mwenye kitambaa kwenye ndoo.

Wiki iliyofuata, Jumanne, nikaenda na daftari. Nilimwambia wifi tu, kaka sikumwambia. Nikakaa uani kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana nikawa naweka kijistari kila mtu anapoulizwa kitu kinachomlazimu aache anachofanya au angalau afikirie. Watoto, majirani, simu, muuza dagaa wa jana (wale waliokaushwa kabla ya kufunga), wote. Wifi alipata vijistari 31. Kaka alipata viwili, kimoja mtoto alitaka amfungulie chupa ya soda na kingine mimi mwenyewe nilimuuliza saa ngapi. Masaa manne, mara 31, piga hesabu ni kila baada ya dakika nane hivi. Na kitambaa kinahitaji dakika ishirini bila kuguswa na kitu kingine.

Nilipomwonyesha kaka lile daftari hakukasirika. Alikaa nalo muda mrefu.

Sasa naomba niseme ninavyoona mimi. Sisi tunahesabu malezi kwa mikono, nani kabeba mtoto, nani kapika, nani kafua, na kwa hesabu hiyo kaka alikuwa anasaidia vizuri tu, hata majirani walimsifia. Kazi ambayo hatuihesabu ni ya kuwa mtu wa kuulizwa. Kujua nguo ya kijani iko wapi, dawa ya minyoo alipewa lini, uji umebaki kiasi gani, mtoto wa jirani anakuja saa ngapi. Mwenye kazi hiyo kichwa chake kiko kazini hata mikono ikiwa imekaa tu, na kazi ya sanaa inatumia kichwa hicho hicho. Wifi alikuwa anapanga rangi tatu za kitambaa kichwani, ipi itangulie ipi ifuate maana batiki unaanza na rangi hafifu kwenda nzito, na katikati ya kuwaza hivyo anaulizwa chumvi iko wapi. Mkipunguza mzigo wa mikono tu, huu unabaki palepale, na unabaki kwa mama.

Kabla ya hapo walishajaribu njia nyingi na nizipitie haraka. Walijaribu usiku, ikashindikana maana rangi huioni sawa kwenye taa, asubuhi kitambaa ni kingine, na yeye saa kumi alfajiri mdogo anataka kunyonya. Walijaribu msichana wa kazi kwa miezi miwili mwaka wa nyuma, 40,000 kwa mwezi, na msichana naye alikuwa kila kitu anamuuliza dada, dada hiki nikiweke wapi, kwa hiyo maswali yaliongezeka. Kituo cha kulea watoto cha karibu kilikuwa hakipokei wa chini ya miaka miwili. Na kuna walioshauri akope, ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni mizuri na imewatoa watu, lakini kwa kisa hiki mi naona ingemzamisha, angekuwa na vitambaa vingi zaidi na vijistari vilevile 31 na juu yake marejesho.

Kilichofanyika ni kwamba ndoo zilihama. Tuna shangazi Ujiji, mjane, anakaa peke yake na ua wake una miembe miwili mikubwa, kivuli cha kuanikia kipo na maji yapo. Shangazi alikubali siku hiyo hiyo, alichoomba ni kitambaa kimoja cha kijani. Tukapanga wifi aende siku nne ndani ya zile siku kumi zilizobaki, asubuhi na daladala ya Ujiji, arudi saa kumi jioni, simu inabaki kwa kaka. Hilo la simu lilikuwa wazo la kaka mwenyewe na nampa heshima yake, alisema simu ya mke wangu ikiwa kwangu basi kila mtu ataniuliza mimi atake asitake. Shangazi ana simu yake ndogo, kukiwa na jambo kubwa kweli tunapiga huko.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya kwa pande zote. Nyumbani mdogo alilia mpaka sauti ikakauka, uji ukaungua, kaka hakujua kwamba mtoto huyu uji wake lazima upoe kwenye bakuli pana, akampa wa moto. Ujiji nako ilipofika saa sita wifi maziwa yalijaa yakaanza kulowanisha gauni, akaenda nyuma ya nyumba ya shangazi akakamua kwenye kikombe. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye joto la kawaida yanakaa masaa manne hivi, na kwa joto lile la Ujiji bila friji asingeyafikisha nyumbani, akayamwaga kwenye shina la mwembe. Aliniambia hapo ndo alilia kuliko siku ya kostiki. Alijiona kama anamwaga chakula cha mtoto ili apate kuchora maua. Mimi sikuwa na la kumwambia nikanyamaza tu, na sijui hata leo ningemwambia nini.

Lakini vitambaa vilitoka. Siku ya kwanza viwili, ya pili viwili, ya tatu vitatu, ya nne vitatu. Kumi kwa siku nne, wakati kule nyumbani alitoa tisa kwa wiki nne. Niseme ukweli wote, si Ujiji peke yake iliyofanya hivyo, michoro na mihuri mingi ilikuwa ishaandaliwa tayari kwa hiyo kilichobaki ni nta na rangi, mtu asije akadhani ukihama tu unazaa vitambaa. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno.

Mteja alipata 19 badala ya 30. Alilipa 475,000 ukitoa ile 300,000 ya mwanzo, ikaingia 175,000. Wiki sita za kazi. Saba vilibaki vyeupe na vinne vya madoa, vile vya madoa shangazi kashona mito. Na hapa nitamlaumu wifi kidogo, na yeye anajua maana tumeshaongea. Ile Alhamisi ya ndoo angemwandikia mteja jioni ile ile, nimeharibu vinne, nitakupa ishirini na sio thelathini, mteja angetafuta vingine kwingine mapema. Alikaa kimya mpaka siku tatu kabla ya mzigo kuondoka. Nikamuuliza kwa nini, akasema wifi, nikimwambia mtoto kaingia kwenye ndoo ataniona mama wa watoto wadogo asiyeweza kazi, hatanipa tena. Aliogopa hivyo na namuelewa, fundi wa kiume akichelewa tunasema kapata dharura. Ila kimya kile ndo kilimkasirisha mteja, mtoto wala hakuwa na habari naye.

Kuna jambo jingine nililiwaza sana kipindi kile. Mwanamke aliyeajiriwa hapa Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inampa likizo ya uzazi siku 84 zenye malipo, mapacha siku 100, baba siku 3, na akirudi kazini ana haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ya kumnyonyesha mtoto. Wifi hana hata moja kati ya hizo. Alijifungua Januari 2023 na wiki ya tano alikuwa anakunja pindo kitandani kwa sababu kuna mtu kalipia. Hakuna mwajiri wa kumdai likizo, mwajiri ni yeye mwenyewe, kwa hiyo likizo lazima iwe ndani ya bei. Ndo maana sasa hivi kila kitambaa kimepanda mpaka 28,000 na ile 3,000 inaingia kwenye kibubu ambacho hakiguswi kwa mambo ya chakula. Wateja wawili wamelalamika na mmoja ameondoka. Acha aondoke, 25,000 ilikuwa bei ya mtu ambaye haumwi wala hazai.

Majirani walisema, hilo mlitegemee. Kaka aliitwa yaya. Wenzake wa Kibirizi walikuwa wakipita wanauliza leo umepika nini mama. Mama yetu naye alikuwa na tabu yake, kila siku ya Ujiji anatokea nyumbani kwao saa nne asubuhi "kuangalia wajukuu", anamnyang'anya kaka mtoto, na kaka anarudi kwenye nyavu zake, maana mbele ya mama yako unarudi kuwa mtoto. Mimi ndo nilipewa kazi ya kuongea naye. Nilimwambia mama, siku hizo tatu nne mwache, asipojua leo hatajua kamwe, akaniambia mbona baba yenu hakujua na mlikua. Nikamwambia ndiyo tulikua, na wewe ulikuwa unasuka mikeka mizuri kuliko watu wote wa mtaa huu, uliacha lini? Hakunijibu. Wiki iliyofuata hakuja, na sikujisikia vizuri kwa kumwambia vile lakini sijamwomba msamaha, tumeachana nalo.

Ziwa likafunguliwa 15 Agosti na tukajua mpango umekufa. Kaka anarudi majini, nani atabaki na watoto? Hapo ndo kaka akaleta kitu ambacho sisi wengine tusingekifikiria, maana ni kitu cha wavuvi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti, kwa hiyo siku kama saba mpaka kumi kila mwezi vyombo vingi vinapumzika. Ziwa lenyewe lilifunguliwa mwezi umebakiza siku nne ujae, watu walikimbilia kwa hamu ya miezi mitatu lakini yeye alisubiri mpaka giza lilipoanza. Akamwambia mkewe, siku zangu za mbalamwezi ni siku zako za ndoo. Giza nikiwa majini usiku na nalala mchana, wewe kaa nyumbani uchore, ukate mihuri, upige picha. Mwezi ukijaa nenda Ujiji.

Ni jambo rahisi hivyo na lilikuwa limekaa mbele yetu miaka yote. Kazi yake inayokatika imeenda kwenye giza, isiyokatika imeenda kwenye mbalamwezi. Kalenda yao ya mwaka ule wa 2024 ilibandikwa mlangoni ikiwa na miduara ya mwezi mpevu, 18 Septemba, 17 Oktoba, 15 Novemba, na kuzunguka kila mduara kulikuwa na siku saba nane za ndoo. Anaahidi vitambaa 20 tu kwa mwezi hata kama anaona anaweza zaidi, na tarehe ya kumtumia mteja haiwi kabla ya siku tano baada ya mwezi kujaa, hizo tano ni za mtoto kuugua, mvua kugoma kuacha vitambaa vikauke na mengine.

Kuna yasiyotatuka. Mwezi wa Oktoba mkubwa aliumwa malaria katikati ya siku za ndoo, kaka alimpeleka hospitali mwenyewe lakini wifi aliacha ndoo Ujiji akarudi nyumbani saa tano asubuhi, hakuna mtu angemzuia na mi nisingetaka azuiwe. Vitambaa vitatu vikaingia mwezi uliofuata. Na ziwa likifungwa tena, hela itakatika tena, kibubu bado ni kidogo.

Mwishoni mwa Oktoba nikaenda tena na daftari, siku ya giza, kaka kaamka saa nne kutoka usingizini, wote wawili wapo. Nikakaa pale pale uani masaa manne, safari hii kaka anajua na nilihofia kwamba ataigiza. Wifi alipata 15, kaka 13, mimi nikapata 4. Mkubwa alitoka chumbani anatafuta kiberiti cha kuwashia jiko, akaja mpaka mlangoni, akamwona mama yake ameinama kwenye kitambaa na penseli mdomoni, akageuka akamuuliza baba. Kaka hakuinua hata kichwa kwenye nyavu, akasema kiko juu ya ndoo ya mchele, nyuma ya chumvi. Na kweli kilikuwa pale.